Safari ya Jina la Timbuktu

Mwaka 1829 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwapa wanafunzi wake mada ya shindano la ushairi: Timbuctoo, kama Waingereza walivyoliandika jina hilo wakati ule. Zawadi ilikuwa medali ya dhahabu. Alfred Tennyson, kijana wa chuo cha Trinity ambaye baadaye angekuwa mshairi wa kifalme, hakuwa na hamu ya kushindana. Baba yake ndiye aliyemsukuma. Basi akatoa shairi refu la zamani alilokuwa amelitunga kuhusu Har-Magedoni, vita vya mwisho wa dunia, akalitungia mwanzo na mwisho mpya, akalipa jina la Timbuktu, akalipeleka. Likashinda. Mwenyewe aliona haya kulisoma hadharani, likasomwa na mwenzake, Charles Merivale. Mwanafunzi mwenzake, William Makepeace Thackeray, hakupata medali, ila alichapisha katika gazeti dogo la chuoni mashairi ya kuifanyia mzaha mada hiyohiyo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona Timbuktu. Wakati huo mji ulikuwa na umri wa miaka mia saba hivi, una misikiti, makadhi, wauza chumvi na familia zilizorithishana vitabu tangu enzi za mababu. Lakini kule Cambridge jina lilikuwa limekwisha kuachana na mji. Liliweza kubandikwa juu ya shairi la mwisho wa dunia, na waamuzi wasione kasoro.

Kila lugha ina maneno ya kuzibia pengo. Mwingereza akisahau jina la kitu hukiita thingamajig au whatchamacallit. Mtu asiyetaka kumtaja humwita so-and-so. Idadi asiyojishughulisha kuihesabu ni umpteen. Sisi tuna nanihii, dude, fulani na chungu nzima. Mgeni anayejifunza Kiingereza hayapati maneno hayo katika vitabu vya shule, na mara ya kwanza humtatiza, lakini akielezwa mara moja basi. Timbuktu ni shida ya namna nyingine, hasa kwa mwanafunzi wa kwetu. Huyu amefundishwa katika somo la historia, kwenye mada ya biashara ya ng'ambo ya Sahara, kwamba Timbuktu ilikuwa kituo kikubwa cha biashara na elimu. Ameiandika kwenye mtihani. Kisha anamsikia Mwingereza akisema kwamba dereva amemzungusha mpaka Timbuktu, au kwamba wakubwa wa kazi wanaweza kumhamishia Timbuktu kama hawamtaki. Anajiuliza huyu bwana ana shughuli gani nchini Mali. Mwenzake hana habari ya Mali. Anamaanisha mahali popote palipo mbali kupita kiasi, pasipo na haja ya kupatafuta kwenye ramani.

Watanzania nao wakitaka kutaja umbali husema mwisho wa reli. Lakini kila asemaye hivyo anajua kwamba anaitaja Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, na kwamba ukikata tiketi utafika, utashuka na utakula migebuka. Umbali umetajwa na mji umebaki palepale. Timbuktu ya Waingereza haikubakizwa mahali pake, na jambo hilo lilichukua karne tano kutendeka.

Mji wenyewe ulianza kwa udogo. Mwanahistoria Abdurahman al-Sa'di, aliyezaliwa Timbuktu mwaka 1594, ameandika katika kitabu chake Tarikh al-Sudan kwamba Watuareg waliokuwa wakihamahama na mifugo yao walizoea kuacha vitu vyao mahali hapo chini ya uangalizi wa mjakazi mmoja, na mahali pakachukua jina lake. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1100. Ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Mto Niger unapanda kaskazini, unalisogelea jangwa, halafu unapinda. Mitumbwi ilileta nafaka, kola na dhahabu kutoka kusini, na misafara ya ngamia ilileta mabamba ya chumvi kutoka Taghaza, katikati ya Sahara. Palipokutana ngamia na mtumbwi ndipo soko lilipokaa, na wafanyabiashara Waislamu walipotulia, wanazuoni wakawafuata.

Jina lilivuka bahari kwa sababu ya dhahabu. Mwaka 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Kairo akienda hija, akagawa na kutumia dhahabu nyingi kiasi kwamba bei yake ilishuka. Mwandishi al-Umari, aliyefika Kairo miaka kumi na miwili baadaye, alikuta watu bado wanalizungumzia jambo hilo. Aliporudi, Musa alikuja na mshairi wa Granada aitwaye Abu Ishaq al-Sahili, ambaye anahusishwa na ujenzi wa msikiti wa Djinguereber. Mwaka 1353 Ibn Battuta alipita Timbuktu na kulitaja kaburi la mshairi huyo. Ni Ibn Battuta yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na aliyemsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Katika dunia yake, Kilwa na Timbuktu zilikuwa sehemu mbili za ulimwengu mmoja wenye makadhi, misikiti na wenyeji wanaojua kumpokea mgeni.

Wazungu walikuwa na picha badala ya safari. Ramani ya Kikatalani ya mwaka 1375, inayosemekana kuchorwa na Abraham Cresques wa kisiwa cha Majorca, inamwonyesha Mansa Musa ameketi na taji kichwani, mkononi ameshika donge la dhahabu. Timbuktu imo, imeandikwa Tenbuch. Kisha likaja jambo lililoamua kila kitu. Al-Hasan ibn Muhammad al-Wazzan, msafiri aliyekulia Fez na aliyefika Timbuktu akiwa kijana, alitekwa na maharamia mwaka 1518, akapelekwa Roma na kubatizwa kwa jina la Leo. Huko akaandika maelezo ya Afrika, yaliyochapwa Venice mwaka 1550. John Pory akayatafsiri kwa Kiingereza mwaka 1600.

Ukisoma alichoandika Leo kuhusu Timbuktu utakuta mambo matatu. La kwanza, mfalme ana vyombo na fimbo za dhahabu zenye uzito wa kutisha. La pili, nyumba za watu ni za udongo na makuti. La tatu, mji umejaa waalimu na makadhi wanaolipwa na mfalme, na vitabu vinavyoletwa kutoka kaskazini vinauzwa kwa faida kuliko bidhaa nyingine zote. Wasomaji wa Ulaya wakaichukua dhahabu, wakauruka udongo, wakaviruka vitabu. Kwa maoni yangu, kosa lote lililofuata lilizaliwa katika usomaji huo. Leo hakuwadanganya. Aliwaambia mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba watakuta nyumba za tope na watu wanaosoma.

Na hata ile dhahabu ilikuwa imepita. Mwezi Machi 1591 jeshi la sultani wa Morocco, Ahmad al-Mansur, lilivuka Sahara likiwa na bunduki na kulivunja jeshi la Songhai, dola iliyoutawala mji huo, pale Tondibi. Wanazuoni wa Timbuktu walikamatwa mwaka 1593. Mkubwa wao alikuwa Ahmad Baba, mwanasheria wa ukoo uliotoa makadhi kwa vizazi. Alipelekwa Marrakesh kwa minyororo, na huko alilalamika kwamba amepoteza vitabu 1,600, akaongeza kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za ndugu zake wote. Alitolewa kifungoni lakini hakuruhusiwa kurudi kwao hadi mwaka 1608. Kwa hiyo kitabu cha Pory kilipotoka London mwaka 1600, balozi wa sultani yuleyule alikuwa London kwa Malkia Elizabeth, na msomi mkubwa wa Timbuktu alikuwa Marrakesh akifundisha darasa la ugenini. Waingereza walianza kuitamani Timbuktu ya dhahabu wakati ambapo Timbuktu ya kweli imekwisha kunyang'anywa vitabu vyake.

Kwa karibu miaka mia mbili tamaa hiyo ilibaki midomoni. Mwezi Juni 1788 mabwana kadhaa, akiwamo mwanasayansi Joseph Banks, walikutana katika hoteli moja ya London na kuunda Chama cha Afrika, lengo lao likiwa kuujua mkondo wa mto Niger na kuifikia Timbuktu. Daniel Houghton aliyetumwa kutoka Gambia alikufa njiani mwaka 1791. Mungo Park aliuona Niger pale Segou mwaka 1796 na kuthibitisha kwamba unaelekea mashariki, lakini hakuingia Timbuktu. Safari ya pili ilimwua huko Bussa. Kadiri watu walivyokufa ndivyo jina lilivyozidi kuwa kubwa. Hakuna aliyerudi kusema mji una ukubwa gani, basi kila mtu akaupima kwa anavyotaka.

Wa kwanza kufika alikuwa Meja Alexander Gordon Laing, Mskoti. Aliondoka Tripoli Julai 1825, siku chache tu baada ya kumwoa Emma Warrington, binti wa balozi mdogo wa Uingereza. Miezi kadhaa baadaye, katikati ya jangwa, kundi la Watuareg walilivamia hema lake usiku. Katika barua yake kwa baba mkwe alihesabu majeraha ishirini na manne, ya kichwani, mkononi na mguuni. Mkono wa kulia ulikuwa haufanyi kazi, na barua aliiandika kwa mkono wa kushoto. Hakugeuka. Mwezi Agosti 1826 aliingia Timbuktu.

Alikaa wiki tano hivi, na kutoka huko ikabaki barua moja ya tarehe 21 Septemba. Ninaiona barua hiyo kuwa ushahidi muhimu kuliko vitabu vingi vilivyoifuata. Laing anasema mji umetimiza matarajio yake yote isipokuwa ukubwa. Anasema pia kwamba siku zake amezitumia kupekua kumbukumbu zilizoandikwa, ambazo zimo mjini kwa wingi. Mtu wa kwanza kutoka Uingereza, mwenye mkono mmoja mzima, amefika mji ambao nchi yake imeuota kwa dhahabu, na anachoripoti ni maandishi. Siku chache baada ya hapo akauawa jangwani, akielekea kaskazini. Madaftari yake hayakuonekana tena. Baba mkwe wake aliishia kumtuhumu balozi mdogo wa Ufaransa kwamba ameyaiba, na mataifa mawili yakagombana juu ya karatasi ambazo huenda upepo ulikwisha kuzichukua. Emma alifariki mwaka 1829, mwaka wa shairi la Cambridge.

Wakati huo Jumuiya ya Jiografia ya Paris ilikuwa imeahidi zawadi ya faranga 10,000 kwa atakayefika Timbuktu na kurudi na maelezo. René Caillié, mtoto wa mwoka mikate aliyefia gerezani, hakuwa na serikali wala fedha nyuma yake. Alijifunza Kiarabu na Kurani, akavaa kanzu, akajieleza kwamba yeye ni Mwarabu wa Misri aliyechukuliwa utotoni na jeshi la Bonaparte na sasa anarudi kwao. Aliondoka pwani ya Guinea Aprili 1827. Kiseyeye kilimlaza miezi katika kijiji cha Tiémé, na mwanamke mzee wa kijiji ndiye aliyemuuguza. Alifika Timbuktu tarehe 20 Aprili 1828, akakaa wiki mbili, akaungana na msafara wa ngamia kuvuka Sahara hadi Morocco, akiwa na maandishi aliyoyaficha katika Kurani yake.

Alichokiona hakikumpendeza. Aliandika kuhusu nyumba za udongo, mchanga pande zote, ukimya, na wafanyabiashara walioishi kwa hofu ya Watuareg. Kitabu chake kilitoka mwaka 1830, Paris na London. Paris ilimlipa na kumtukuza; London ilimshuku, maana haikuwa rahisi kukubali kwamba maskini Mfaransa amefanya kilichowaua maofisa wake. Lakini wote wawili, waliomwamini na waliomshuku, walipata walichohitaji ili kuachana na mji ule. Kama kuna dhahabu, Timbuktu ni ndoto. Kama kuna udongo, Timbuktu si kitu. Nafasi ya mji wa kawaida wenye watu wake haikuwapo.

Angalia pia tarehe. Tennyson alitunga kabla kitabu cha Caillié hakijatoka, na kilipotoka hakikumzuia yeyote kulitumia jina apendavyo.

Heinrich Barth, Mjerumani aliyetumwa na serikali ya Uingereza, ndiye aliyeweza kuyarekebisha yote. Aliingia Timbuktu tarehe 7 Septemba 1853, akaishi huko na vitongojini kwa miezi mingi chini ya ulinzi wa Sheikh Ahmad al-Bakkai, aliyekataa kumtoa hata aliposhurutishwa na watawala wa Masina. Barth alijua Kiarabu vizuri na alizungumza lugha kadhaa za Afrika. Huko Gwandu alikuwa ameisoma Tarikh al-Sudan na kunakili sehemu zake, ingawa alidhani imeandikwa na Ahmad Baba. Kwa mara ya kwanza Mzungu aliandika historia ya Songhai kwa kufuata wafalme na miaka yao, akitegemea kitabu cha mwenyeji. Alithibitisha pia kwamba Caillié alisema kweli. Kazi yake ilitoka kwa majalada matano kuanzia mwaka 1857. Mwaka huohuo David Livingstone alitoa kitabu chake cha safari za kusini mwa Afrika, na umma wa Uingereza ukamkimbilia Livingstone. Barth alikuwa na maelezo marefu na hakuwa, kama Livingstone, na simba aliyemng'ata bega.

Ndipo jina likageuka moja kwa moja. Mwaka 1863 Lucie Duff Gordon, mwandishi aliyehamia Misri kwa ajili ya kifua chake, alilalamika katika barua kwamba Waingereza wamejaa kule aliko na sasa itambidi aende Timbuktu. Hakuwa na mpango wa kufunga mizigo. Alihitaji jina la mahali ambako hakuna mtu wa kwao, na msomaji wake alielewa papo hapo. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Barth akae darini kwa sheikh akijadili dini na siasa. Mji ulioelezwa kuliko wakati wowote ukawa neno la kutajia mahali pasipo na maelezo.

Baada ya hapo neno lilijiendea. Wafaransa waliuteka mji mwanzoni mwa 1894 baada ya kikosi chao kimoja kuangamizwa karibu nao, na habari hiyo haikubadilisha chochote katika Kiingereza. Kamusi zikaliingiza kwa maana yake ya pili. Silabi zake tatu zilisaidia, kwa kuwa zinagonga vizuri mdomoni na kupata vina kirahisi katika nyimbo. Sitaki kumlaumu anayelitumia leo akiwa kwenye foleni ya basi; amelipokea kwa wazazi wake. Ila matokeo yake yanaonekana. Mwaka 2006 vijana 150 wa Uingereza waliulizwa kuhusu Timbuktu. Asilimia 34 hawakuamini kwamba mji huo upo. Waliobaki waliuona kuwa mahali pa hadithi. Mwaka uliofuata mji mdogo wa Hay-on-Wye, unaojulikana kwa maduka yake ya vitabu mpakani mwa Wales na Uingereza, ulifanya undugu rasmi na Timbuktu. Huo ni uamuzi ninaouheshimu sana, maana watu wa Hay walikwenda moja kwa moja kwenye lile jambo la tatu la Leo.

Vitabu vilikuwapo muda wote. Familia za Timbuktu zilivitunza masandukuni, darini na hata chini ya mchanga wakati wa utawala wa kikoloni. Vingi ni vya Kiarabu: sheria, nyota, tiba, sarufi, hati za mauzo na barua za biashara. Vingine ni vya lugha za wenyeji, kama Kisonghai na Kifulani, vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jinsi mashairi ya Kiswahili yalivyoandikwa Pate na Lamu. Mwaka 1615 Ahmad Baba aliandika fatwa juu ya utumwa, akikataa kwamba weusi wa mtu ni sababu ya kumfanya mtumwa. Nayo inasomwa mpaka leo. Taasisi yenye jina lake ilianzishwa katika miaka ya 1970, na Afrika Kusini ikaijengea jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2009.

Aprili 2012 waasi waliuteka mji. Wapiganaji wa kundi mojawapo, Ansar Dine, waliyabomoa makaburi ya mawalii kwa majembe na sululu. Mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa miaka tisa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016, hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo iliyohusu uharibifu wa urithi wa utamaduni peke yake. Wakati makaburi yanabomolewa, wenye maktaba, wakiongozwa na Abdel Kader Haidara, walikuwa wakitoa hati usiku kwa usiku, katika matranka ya chuma, kwa mikokoteni, magari na mitumbwi ya mto Niger, hadi Bamako. Wapiganaji walipokuwa wakiondoka Januari 2013 walichoma moto hati zilizobaki katika taasisi, zipatazo 4,000. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa imeshaokolewa.

Bamako haikuzifaa. Hewa ya huko ni ya unyevunyevu, na karatasi zilizodumu karne nyingi katika ukavu wa jangwa zilianza kuwatia wasiwasi wahifadhi. Wazee na viongozi wa Timbuktu waliendelea kudai zirudishwe. Agosti 2025 serikali ya Mali ilianza kuzirudisha kwa ndege, na shehena ya kwanza ilipokelewa uwanjani Timbuktu na watu wa mji.